Leza, IPL au sindano ya umeme: ipi itaondoa nywele kwenye ngozi yako?

Ukipiga simu saluni tatu ukiulizia leza ya nywele, utatajiwa bei tatu. Huenda hata mashine ni tatu tofauti, ila hilo huambiwi mpaka uulize. Ndiyo maana watu wawili wanalipia huduma yenye jina moja, mmoja kwapa linabaki safi kwa miaka, mwenzake anatoka na madoa meusi kwenye taya na nywele ziko palepale.

Hapa nimeweka vifaa vitano kwenye mizani: leza ya aleksandraiti, leza ya daiodi, leza ya Nd:YAG, taa ya IPL (ambayo si leza, japo mara nyingi huuzwa kwa jina hilo), na elektrolisisi, yaani sindano ya umeme. Nta, uzi na wembe sijavipa nafasi yao kwa sababu nywele hurudi baada ya siku au wiki chache tu. Vitajitokeza hata hivyo, maana kuna hali ambazo vinavishinda vyote vitano.

Tunapima nini

Leza inaua unywele kwa kupitia rangi yake. Mwanga unapigwa, melanini iliyo ndani ya unywele inaufyonza, mwanga unageuka joto, na joto hilo linaunguza sehemu za kinyweleo zinazootesha unywele mpya. Wazo la kuchagua mwanga unaopiga kitu kimoja na kumwacha jirani yake salama lilielezwa na madaktari Rox Anderson na John Parrish wa Harvard mwaka 1983, na katika miaka ya 1990 likaanza kutumika kwenye nywele. Kasoro ni kwamba melanini hiyohiyo ndiyo inayotupa weusi wa ngozi. Mwanga haujui kwamba huu ni unywele na ile ni ngozi. Unafuata rangi tu.

Kwa hiyo vigezo vyangu ni vitano, na nimevipanga kwa uzito. Rangi ya ngozi iko mbele kwa kuwa ndiyo inayoamua kama utaungua. Inafuata aina ya nywele, inayoamua kama utapata matokeo yoyote. Kisha maumivu na madhara, halafu muda, na bei mwisho. Wengi huanza na bei, na hapo ndipo mambo yanapoharibikia.

Tuwekane sawa pia kuhusu ahadi. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, inaruhusu leza zitangazwe kama njia ya kupunguza nywele kwa kudumu. Sifa ya kuziondoa moja kwa moja imebaki kwa elektrolisisi. Baada ya vikao vya leza vilivyofanywa vizuri, wengi hubaki na nywele chache, nyembamba na zinazoota polepole, na kikao cha marudio mara moja au mbili kwa mwaka. Anayekuahidi kwamba hutaona unywele tena maisha yako yote anakuuzia kitu ambacho mashine yake haina.

Rangi ya ngozi

Madaktari hutumia kipimo cha Fitzpatrick, kilichoanzia mwaka 1975, kinachogawa ngozi katika aina sita: ya kwanza ni nyeupe inayoungua jua haraka, ya sita ni nyeusi tii. Waafrika wengi tuko aina ya tano na ya sita. Lakini ukanda wa pwani, kuanzia Lamu hadi Unguja, na kwa jamaa zetu walioko Muscat, nyumba moja inaweza kuwa na mtu wa aina ya tatu na nduguye wa aina ya sita. Mashine iliyomfaa dada inaweza kumuunguza mdogo wake.

Aleksandraiti hupiga mwanga wa nanomita 755 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), na melanini huupenda sana mwanga huo. Kwa mtu mweupe ni mashine ya haraka na yenye nguvu, hata kwa nywele zisizo nene sana. Kuanzia aina ya nne inahitaji mkono wenye uzoefu. Kwa ya tano na ya sita, ngozi ya juu inafyonza joto kabla halijaufikia mzizi, na matokeo yake ni malengelenge.

Daiodi, ya nanomita 800 hadi 810, iko katikati. Inazama ndani kidogo zaidi na inawafaa maji ya kunde wengi. Ngozi ya aina ya tano inaweza kuhimili endapo mashine ina ubaridi mzuri na mhudumu anatumia mapigo marefu, yenye nguvu ya wastani. Kwa ngozi nyeusi kabisa, hapa ndipo ninapoanza kusita.

Nd:YAG hupiga nanomita 1064. Melanini ya juu ya ngozi inaunyonya mwanga huu kidogo tu, hivyo unapenya na kushuka hadi chini. Ndiyo leza iliyo salama zaidi kwa aina ya tano na ya sita, na si kwa maneno ya matangazo tu. Ndiyo hasa madaktari wa ngozi huishika mbele ya mgonjwa mweusi. Usalama huo una gharama yake, nitaufikia.

IPL ni taa kali inayotoa mwanga mchanganyiko wa mawimbi mengi, kisha kichujio kinakata baadhi. Kwa ngozi nyeupe yenye nywele nyeusi inafanya kazi ya kuridhisha. Kwa ngozi nyeusi ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote nne za mwanga, kwa kuwa sehemu ya mwanga wake huishia juu ya ngozi. Vifaa vingi vya IPL vya nyumbani vina kihisi cha rangi, na ukikiweka kwenye ngozi nyeusi hakiwaki kabisa. Watu hudhani kimeharibika wakakirudisha dukani, kumbe kimefanya kazi yake sawasawa.

Elektrolisisi haiangalii rangi. Sindano nyembamba inaingizwa kwenye kinyweleo kimoja, umeme kidogo unapita, mzizi unakufa. Ngozi iwe nyeupe au nyeusi, kazi ni ileile. Mhudumu akizidisha nguvu, ngozi yetu inaweza kubaki na vidoa, na wenye asili ya kupata keloidi, yaani makovu yanayovimba, wanapaswa kulisema hilo mapema.

Kwa hiyo ukifika saluni, uliza: "Dada, mashine yenu ni ya nanomita ngapi?" Akikutajia nambari, endeleeni kuzungumza. Akisema "hii ni ya Kijerumani, mpya kabisa, haiumi", bado hujajibiwa. Siku hizi kuna pia mashine za daiodi zinazochanganya mawimbi matatu, 755, 808 na 1064, kwenye kichwa kimoja. Utaambiwa "na YAG imo". Imo, lakini 755 nayo imo, na inapigwa kwa wakati mmoja. Hiyo si sawa na leza ya Nd:YAG inayojitegemea.

Halafu kumbuka kwamba mtu hana rangi moja mwili mzima. Kwapa, kinena na sehemu ya ndani ya mapaja huwa nyeusi kuliko mkono. Mhudumu anayekupima kwa kuangalia uso, kisha akatumia kipimo hichohicho kinenani, amekosea kabla hajaanza. Jaribio lifanyike palepale patakapotibiwa.

Na kuna mkorogo. Uso uliochubuliwa unaonekana mweupe, mhudumu anaweka mashine kwenye kipimo cha mtu mweupe, na ngozi ambayo imekonda kwa sababu ya steroidi au zebaki inaungua vibaya. Weupe huo ni wa juu tu; uwezo wa ngozi kutoa madoa meusi uko palepale, umelala. Anayejua kazi yake ataangalia vifundo vya vidole vyako, kwa kuwa vifundo huwa havidanganyi. Kama unatumia, sema, na uache miezi kadhaa kwa ushauri wa daktari kabla ya kupigwa mwanga wowote. Piko nayo ni rangi: mikono yenye maua ya harusi au chale za wino haipigwi leza mahali penye michoro. Subiri piko itoke. Chale ya wino irukwe kabisa.

Nywele zenyewe

Hapa mambo yanageuka. Mashine iliyo salama kuliko zote kwa ngozi nyeusi, Nd:YAG, ndiyo dhaifu kuliko leza zote kwa nywele nyembamba. Mwanga unaopita bila kunyonywa na ngozi haunyonywi vizuri na unywele mdogo pia. Ndevu nene za mwanamume, kwapa na kinena zinaitikia vizuri. Nywele laini za shavuni zinaitikia kidogo sana au haziitikii kabisa.

Aleksandraiti ndiyo yenye uwezo mkubwa kwa nywele za wastani, daiodi inaifuata. IPL inahitaji nywele nyeusi zenye unene wa kutosha. Na kwa mvi, nywele za rangi ya dhahabu au nyekundu, hakuna leza wala taa itakayosaidia: hakuna rangi, hakuna joto. Hii inawahusu watu wenye ualbino moja kwa moja. Nywele zao hazina melanini ya kutosha, kwa hiyo kulipia leza ni kutupa pesa. Sindano ya umeme ndiyo inayoweza kuwafaa. Inawahusu pia wanawake waliokoma hedhi wenye mvi chache ngumu kidevuni. Mama akija na nywele kumi nyeupe, kumpeleka kwenye leza ni kumwibia.

Sasa kuna jambo ambalo saluni chache hulisema. Leza ikipigwa kwenye malaika, zile nywele laini za mashavu na shingo, inaweza kuzichochea badala ya kuziua. Joto linakuwa dogo mno kuua mzizi lakini linatosha kuuamsha, na nywele zinaota nyingi na nene kuliko mwanzo. Imeonekana zaidi usoni na shingoni, kwa wanawake wenye asili ya Mashariki ya Kati, Asia ya Kusini na nchi zinazozunguka Mediterania, na kwa wenye matatizo ya homoni. Wanawake wengi wa pwani na wa Ghuba wana asili hiyo. Ukiambiwa "tufanye uso mzima tu, bei ni ileile", kataa. Pigwa pale penye nywele nene pekee.

Tukigusia homoni: mwanamke anayeota ndevu nene kidevuni, chini ya taya, kifuani au chini ya kitovu, hasa kama hedhi inaruka, chunusi hazikomi au shingo imekuwa nyeusi kwenye mikunjo, aanzie kwa daktari kabla ya saluni. Sababu ya kawaida ni PCOS, hali ambayo ovari zinahusika na homoni za kiume zinapanda. Leza inaua mizizi iliyopo leo, lakini homoni zinaendelea kubadilisha malaika kuwa ndevu kila mwezi, na mteja anabaki akidhani mashine ni feki. Tiba ya homoni na leza zikienda pamoja, matokeo huwa bora zaidi. Kama nywele zimeota kwa kasi ndani ya miezi michache na sauti imekuwa nzito, usisubiri. Nenda hospitali wiki hii.

Kuna krimu pia ya eflornithini inayopunguza kasi ya nywele za usoni, na ikitumiwa pamoja na leza husaidia. Dawa hiyo hiyo ndiyo iliyotibu malale ya aina inayopatikana Kongo na kaskazini-magharibi mwa Uganda, kisha ikagundulika kwamba inazubaisha nywele. Haiui mzizi, ukiacha kuipaka, nywele zinarudi kasi yake ndani ya wiki kadhaa.

Maumivu na madhara

Pigo la leza ni kama mafuta ya mandazi yaliyokurukia mkononi: kali, fupi, limekwisha. Kwa Nd:YAG cheche hiyo ni kali zaidi, kwa sababu nguvu inayohitajika ni kubwa. Daiodi za kusukuma kichwa huku na huku kwa nguvu ndogo ndizo zisizouma sana, na aleksandraiti yenye kipulizia ubaridi inavumilika. IPL iko karibu na daiodi. Elektrolisisi ni maumivu madogo lakini ya muda mrefu, unywele mmoja baada ya mwingine, na mdomo wa juu ndio unaotoa machozi.

Usitafute ganzi kiholela. Nchini Marekani wanawake wawili vijana walifariki baada ya kupaka krimu kali ya ganzi miguu mizima na kuifunika kwa plastiki kabla ya kwenda leza, na mwaka 2007 FDA ikatoa onyo kwa umma. Ganzi ikipakwa eneo kubwa inaweza kuingia kwenye damu na kusimamisha moyo. Eneo dogo, kiasi kidogo, kwa maelekezo ya daktari au mfamasia; vinginevyo barafu inatosha.

Madhara ya kawaida ni wekundu na uvimbe mdogo unaoisha siku hiyo au ya pili. Yanayotusumbua sisi ni madoa, meusi au meupe, ambayo yanaweza kukaa miezi. Kwa Nd:YAG hatari hiyo ni ndogo, ila haijafutika: mhudumu akipiga mahali pamoja mara mbili mfululizo bila ubaridi, ngozi inaungua tu. Kwa leza na IPL zote, macho yafunikwe kwa miwani maalumu ya mashine hiyo, ya mteja na ya mhudumu. Mwanga wa 1064 hauonekani kwa jicho lakini unafika nyuma yake. Nyusi hazipigwi leza. Endelea kutinda, au tumia sindano ya umeme.

Kwa elektrolisisi, sindano iwe mpya na ifunguliwe mbele yako. Hilo halina mjadala.

Muda

Nywele hazioti kwa pamoja. Wakati wowote sehemu yake tu iko kwenye hatua ya kukua, ikiwa imeshikamana na mzizi, na ndiyo inayouawa. Zilizolala zinasubiri kikao kijacho. Ndiyo maana leza zote tatu na IPL hudai vikao sita hadi nane, wakati mwingine zaidi, kila wiki nne hadi sita usoni na wiki sita hadi nane mwilini. Kuharakisha kwa kwenda kila wiki mbili ni kulipia mwanga unaopita juu ya mizizi iliyolala.

Piga hesabu. Vikao sita vyenye wiki sita kati yake ni wiki thelathini, karibu miezi saba. Bi harusi mwenye miezi miwili mbele yake hana muda wa leza. Kwake nta ya sukari na ndimu inafaa kuliko mashine yoyote niliyoitaja, na asianze kikao cha kwanza cha leza wiki ya singo akaja ukumbini na taya yenye madoa.

Elektrolisisi kwa kidevu kilichojaa inaweza kuchukua mwaka mmoja na nusu, mwanzoni kila wiki au wiki mbili. Kwa nywele kumi au kumi na tano, miezi michache tu. Kwa miguu yote miwili, sahau. Vifaa vya IPL vya nyumbani vinataka nidhamu: mara kwa mara mwanzoni, kisha marudio ya kila mara, na ukiacha nywele hurejea.

Pesa

Bei za miji yetu zinapishana mno, kwa hiyo nitakupa namna ya kuzihesabu. Usilinganishe bei ya kikao. Linganisha bei ya vikao vinane pamoja na viwili vya marudio, kwa eneo unalotaka. IPL ya nyumbani inaonekana nafuu kwa kuwa unalipa mara moja, lakini kama ngozi yako ni ya aina ya sita, kifaa hicho kina thamani ya taa ya mezani. Elektrolisisi hulipwa kwa dakika au saa, hivyo ni rahisi kwa eneo dogo na ghali sana kwa eneo kubwa. Kati ya leza, Nd:YAG mara nyingi ndiyo ya bei ya juu, kwa sababu mashine ni ghali na mara nyingi iko kwa madaktari.

Jihadhari na vifurushi vya "mwili mzima, vikao kumi, lipa leo". Wale wanaofanya kazi Dubai au Muscat hukutana navyo kila msimu wa punguzo. Kama mkataba wako unaisha baada ya miezi minne, utatumia vikao vitatu na saba vitabaki huko huko. Uliza kama vinaweza kulipwa kimoja kimoja. Kliniki inayojiamini hukubali.

Yanayoharibu kazi ya mashine yoyote

Kung'oa kwa nta, uzi au kibanio kunaondoa shabaha. Mzizi usipokuwepo, leza inapiga shimo tupu. Acha kung'oa wiki nne hadi sita kabla ya kikao cha kwanza na katikati ya vikao vyote. Wembe unaruhusiwa, na kunyoa siku moja kabla ndiko kunakotakiwa. Elektrolisisi ni kinyume: inahitaji unywele uwe umechomoza milimita chache ili ushikike, kwa hiyo usinyoe siku chache kabla yake.

Jua nalo. Ngozi iliyotoka kuungua jua la ufukweni, au la shambani, isipigwe mwanga kwa wiki kadhaa. Taja dawa unazotumia, hasa doksisaiklini na vidonge vya chunusi vya isotretinoini. Mjamzito asubiri ajifungue. Hakuna haraka, na nywele za mimba nyingi hupukutika zenyewe. Mwenye historia ya vidonda vya homa mdomoni amwambie daktari kabla ya mdomo wa juu kupigwa.

Kikao cha majaribio kifanywe mahali padogo, halafu usubiri. Kwa ngozi nyeupe siku mbili zinatosha kuonyesha tatizo. Kwa ngozi nyeusi doa linaweza kujitokeza baadaye, kwa hiyo ngoja wiki moja au mbili. Dakika chache baada ya pigo, inama uangalie kwa karibu: kila unywele unapaswa kuwa na kijivimbe chake kidogo pembeni, kama ngozi iliyoshikwa na baridi. Kwa mtu mweusi wekundu hauonekani vizuri, hivyo kijivimbe hicho ndicho kipimo cha kuaminika. Kisipotokea popote, nguvu ilikuwa ndogo. Ngozi ikigeuka kijivu au nyeupe, au ikianza kutoa maji, simamisha kikao hapo hapo, weka ubaridi, na usikubali "itaisha tu" hadi daktari aone.

Wiki moja hadi tatu baadaye nywele zitaonekana kama zinaota tena. Hazioti, zinasukumwa nje. Sugua taratibu na kitambaa bafuni, zitapukutika.

Kwa elektrolisisi kipimo ni kingine. Baada ya umeme kupita, kibanio kinapaswa kuuchukua unywele bila upinzani, uteleze kama haujashikwa na kitu. Ukihisi umevutwa, umeng'olewa, haujauawa, na utarudi. Mwambie mhudumu kwa kila unywele unaovuta. Asikasirike, ndiyo kazi unayomlipia.

Kwa hali yako

Mwanamume mweusi mwenye vipele vya ndevu visivyoisha, kila akitoka kwa kinyozi shingo inawaka: Nd:YAG ndiyo ya kwanza kuzingatia, kwa sababu nywele ni nene na tatizo ni unywele uliojikunja na kurudi ndani ya ngozi. Hulazimiki kuzimaliza ndevu. Ukipunguza wingi na unene, vipele hupungua. Kwa vinundu vigumu vya kisogoni, anza kwa daktari wa ngozi, siyo saluni.

Mwanamke mweusi, kwapa na kinena, nywele nene: Nd:YAG tena, au daiodi kwa aina ya nne na ya tano ikiwa mhudumu anaonyesha uzoefu na jaribio limetoka salama. Muulize pia kama kuna mhudumu wa kike na chumba kinachofungwa, kama hilo ni la muhimu kwako, usilione haya.

Ndevu chache za kidevuni, nyeusi au nyeupe, au watu wenye ualbino: elektrolisisi. Polepole, lakini ndiyo inayomaliza. Kama ndevu ni nyingi na nyeusi, leza ya Nd:YAG ipunguze wingi kwanza, sindano ifuate kwa zilizobaki, na vipimo vya homoni viende sambamba.

Mwenye ngozi nyeupe au maji ya kunde hafifu, nywele nyeusi, eneo kubwa kama miguu: aleksandraiti au daiodi, ipi iliyo karibu na yenye mhudumu bora. IPL ya nyumbani nayo inafaa kama una subira na hupendi kwenda kliniki.

Malaika ya mashavu kwenye ngozi yoyote: usipige leza. Wembe wa usoni, au uyaache.

Harusi iko mlangoni: nta ya sukari siku mbili au tatu kabla. Leza anzeni baada ya fungate, mkiwa na kalenda mbele yenu.

Na kama katika mji wako hakuna anayeweza kukutajia nanomita za mashine yake, endelea na wembe huku ukiweka akiba ya nauli ya kwenda kwa daktari wa ngozi katika hospitali ya rufaa. Kituo cha mafunzo ya ngozi cha RDTC pale hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa ukanda huu tangu miaka ya 1990, na waliosomea pale wametawanyika nchi nyingi. Ulizia hospitali ya mkoa wako au kaunti yako kama wana mmoja. Nenda na picha za ngozi yako kabla hujanyoa, orodha ya dawa na vipodozi unavyotumia, mkorogo ukiwemo, na swali la nanomita.